Siku Herufi A Zilipotuishia

Malindi, Jumamosi alasiri

Mwanangu Zuhura,

Kama umenitii, unaifungua bahasha hii basi likiwa limeshaondoka stendi, na kikapu cha chakula kiko mapajani mwako. Kama hukunitii, na umeifungulia nyuma ya mlango wa chumbani kwako, sitashangaa. Tangu mdogo ukipewa kitu kilichofungwa, lazima kwanza ukikune kwa ukucha upande mmoja uchungulie. Lakini nakuomba usome taratibu. Barua hii nimeipima. Kasi yako ya kusoma naijua kwa sababu ni mimi niliyekufundisha kusoma prufu, kidole chini ya mstari. Kwa mwendo huo, na kwa basi lile linalosimama kwa kila mwenye kuku, utaimaliza kabla hatujafika feri ya Kilifi.

Nimeandika "hatujafika", na sikukosea. Usigeuke nyuma. Kesho stendi nitakupungia mkono kama baba yeyote, kisha nitazunguka nipandie mlango wa nyuma. Tiketi ninayo tangu Alhamisi. Kwa nini, ndilo jambo ninalotaka kukueleza, na mdomo wangu umelishindwa kwa miaka kumi na mmoja. Nimeona niupe mkono nafasi.

Mambo ya kula, kulala, kufunga mlango na kutoazima watu nguo, mamako amekwambia mara tatu na atakwambia ya nne kesho dirishani. Mimi sitayagusa. Sasa hivi niko hapa kwenye duka letu la uchapaji peke yangu, mitambo imefunikwa, na wewe uko kwa shangazi yako unasukwa nywele za kwenda kukaa mbele ya kompyuta, kana kwamba ile mashine nayo ina macho.

Unakumbuka uliponipeleka Mombasa kuiona? Ulikuwa umetoka kwenye usaili wa ile ofisi nyingine isiyokuchukua, ukamwomba yule karani kijana anionyeshe. Akabonyeza, maneno yakatokea kwenye kioo. Akabonyeza tena, yakanenepa. Akabonyeza tena, yakalala upande kama watu waliovutwa na upepo. Nami, mchapaji wa zaidi ya miaka ishirini, nikainama kutazama nyuma ya lile sanduku. "Mzee, watafuta nini?" akaniuliza. Nikamwambia, "Natafuta herufi zinakaa wapi." Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta. Nikacheka nami. Lakini kuna swali la pili nililomuuliza wakati umeenda kunywa maji, na hilo hukulisikia. Nilimuuliza, "A haziishi?"

Akadhani natania. "Haziishi, mzee. Bonyeza mpaka uchoke."

Nikatafuta kiti nikakaa.

Sasa nikueleze kuhusu a.

Herufi zetu za madini ya risasi, unazijua, umezichezea tangu hujaota meno ya mbele ya pili. Lakini labda sikuwahi kukwambia kwamba zilikuja kwa meli zikiwa zimehesabiwa tayari, na aliyezihesabu alifikiria lugha yake. E alituletea tele, nyingine hazikuwahi kuonja wino hadi leo. Q na x zikalala kwenye vyumba vyao sandukuni kama wageni wa hoteli za Kikambala wakati wa mvua. A akatupimia kwa kijiko. Na Kiswahili bila a hakiendi hata hatua moja. Chukua sentensi hii: "Wanafunzi wanatakiwa kusoma maswali." Maneno manne, a tisa. Ukurasa haujafika nusu, unatia kidole chumbani mwa a, unagusa mbao.

Hapo kila mpangaji herufi wa pwani hii alikuwa na ujanja wake. Wengine walichapa nusu ukurasa, wakaufumua, wakapanga nusu ya pili kwa a zilezile. Mimi na mwenzangu tulikuwa tukiazima kutoka sura nyingine ya herufi. Tulikuwa na herufi za kadi za harusi, nene, zenye mikia. Tukipungukiwa, tunaweka a nene pale kwa muda, tunatoa prufu ya kwanza tusahihishe makosa, kisha tunatafuta kazi iliyokwisha, tunaifumua, tunapata a za sura yake na kuzirudisha mahali pake. Prufu ya kwanza ilikuwa na madoadoa ya a nene kama mtu aliyeumwa na mbu. Iliyochapwa mwisho ilikuwa safi. Mteja hakujua kitu.

Huyo mwenzangu aliitwa Kazungu.

Najua hapo umesimama. Pumua, mwanangu, kisha endelea. Ndiye huyohuyo wa Mombasa.

Alikuja kwetu kutoka Ganze, amemaliza darasa la saba na miguu imejaa vumbi la maili nyingi. Mzee Saleh, aliyekuwa tajiri wetu wakati huo, alimchukua afagie. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akipanga herufi haraka kuliko mimi niliyemfundisha, nami nilijitetea kwamba vidole vyangu ni vya kiungwana, havipendi mbio. Wewe ulikuwa ukija dukani Jumamosi. Kazungu alikuwa akikuwekea herufi moja ya risasi kiganjani na kukuambia, "Haya, huyu nani?" Ukajifunza a kwa kuitazama kwenye risasi, si kwenye kitabu. Na kwenye risasi, kama ujuavyo, kila kitu kimegeuka. Kwa hiyo ulipoanza kuandika, a zako zote zilitazama upande usio wao. Siku ya kwanza Kazungu alipoziona alikaa chini kabisa, sakafuni, kwa kicheko.

"Athmani! Mtoto wako anaandika kama risasi! Mpige wino tumchape!"

Malindi nzima hakukuwa na mtoto mwingine wa kuandika hivyo. Lishike hilo. Kama dereva hajalala, sasa mko Gede.

Ulipokuwa na miaka saba, walimu wakuu wa shule kadhaa walikubaliana kutunga mtihani mmoja wa majaribio kwa darasa la saba, wakauleta kwetu tuuchape. Mzee Saleh alitusimamisha mbele ya meza kama watoto wa chuo cha Kurani. Mtihani hautoki humu ndani. Kila prufu, kila karatasi iliyoharibika, inachomwa kwenye debe nyuma ya duka, na wanaoshuhudia wawe wawili. Tukasema, ndiyo Mzee.

Jumatano Kazungu alikuwa Ganze, wamemzika ami yake. Nilipanga mtihani peke yangu. Kwenye maswali ya mwisho a zikaniishia, nikatia nene saba. Nikatoa prufu moja, nikaisoma, nikasahihisha. Kulikuwa na tangazo la mnada lililokwisha kazi. Nikalifumua, nikapata a zangu, nikazitoa zile nene. Vizuri kabisa. Ilibaki prufu mkononi. Ilikuwa ichomwe, lakini wa kushuhudia naye hakuwepo. Nikaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe, karatasi nzuri nzito. Wewe asubuhi ile ulikuwa umelia kwamba karatasi zako za kuandikia zimekwisha.

Nikaikunja nikaitia mfukoni. Nilijiambia: mtoto wa miaka saba atasoma nini?

Nimejiuliza mara nyingi, Zuhura, kama hapo nilifanya kosa kubwa. Hapana. Lilikuwa kosa dogo, la baba aliyempenda bintiye na kupuuza amri ya mzee kidogo. Nalisema hili ili usije ukajibebesha neno lolote. Wewe uliletewa karatasi, ukaijaza nyuma safu kwa safu za a, zote zimekupa kisogo. Mamako, aliyekuwa akiuza kashata wakati ule, aliona karatasi imejaa, akaikata nusu kwa nusu na kufungia. Hakuna aliyekosa hapo isipokuwa mimi, na kosa langu lilikuwa bado lingeweza kufutwa kwa sentensi moja.

Mtihani ulichapwa Ijumaa. Kazungu alikuwa amerudi. Saa sita mimi na Mzee Saleh tulikwenda msikitini, na Kazungu, ambaye ni Mkristo, akabaki na mtambo mpaka saa nane. Lishike na hilo pia.

Jumanne iliyofuata Mwalimu Mkuu mmoja aliingia dukani bila kubisha. Alikuwa na karatasi. Aliilaza kwenye lile jiwe la kupangia kurasa, uso juu, na kuibana kwa kidole.

"Mzee Saleh. Nimeikamata kwa mvulana wangu, siku mbili kabla ya mtihani."

Mzee Saleh alivaa miwani. Nilisogea nami. Ilikuwa nusu ya chini ya ukurasa, ina doa la mafuta katikati. Sikuhitaji kusoma hata neno moja. Nikaziona a nene. Moja, mbili, mpaka saba.

"Anasema ilifungiwa kashata," Mwalimu Mkuu akaendelea. "Kashata! Nimemchapa fimbo anasema kashata. Miaka yote niliyofundisha sijaona kashata yenye maswali ya hesabu."

"Mtoto mwenyewe wa wapi?" akauliza Mzee Saleh.

"Wa Ganze."

Sote tulimtazama Kazungu. Hata mimi, mwanangu. Nilijua karatasi imetoka mfukoni mwangu, na shingo yangu ikageuka pamoja na za wengine.

Kazungu alikuwa akifuta wino mikononi kwa kitambaa. "Ganze ni kubwa, Mwalimu," akasema. "Hata mbuzi wa kule siwajui wote."

"Usinifanyie mzaha. Ijumaa mchana ulikuwa na nani humu?"

"Na mashine."

"Peke yako?"

"Wenzangu walikuwa kwenye sala."

"Basi," akasema Mwalimu Mkuu, akamgeukia Mzee Saleh. "Wataka nikwambie nini zaidi?"

Kazungu akakitupa kile kitambaa, akaja kwenye jiwe, akaichukua karatasi. Aliitazama mara moja tu. Naye alikuwa mpangaji herufi, aliona nilichoona. Karatasi yenye a nene ni ya Jumatano, na Jumatano yeye alikuwa Ganze mazikoni. Nikamwona anavyonyooka. "Mzee Saleh," akaanza, "hebu zitazame hizi a—"

Na huku akisema akaigeuza nyuma, kama mtu anavyogeuza kitu bila kufikiri.

Nilijua kilichoko nyuma. Mwalimu Mkuu alikuwa amekiona pia, akadhani ni makorokocho ya mtoto, ndiyo maana hakukitaja. Kazungu aliona safu za penseli. Aliona a zote zimetazama upande mmoja, upande wa risasi.

Akanitazama. Si kwa muda mrefu. Kama muda wa kusoma neno moja. Alikuwa akiningoja, Zuhura. Nimelifikiria tazamo lile miaka yote na sioni maana nyingine. Alinipa nafasi ya kusema mwenyewe. Nami nikatazama vidole vyangu vya kiungwana.

Kazungu akairudisha karatasi juu ya jiwe, uso juu, kama alivyoikuta.

"Hizi a zina nini?" akauliza Mzee Saleh.

"Hazina kitu, Mzee."

"Una la kujitetea?"

"Sina neno."

Alivua aproni yake, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe. Kile chuma chake cha kupangia herufi, alichokinunua mwenyewe, akakiweka juu ya sanduku langu. Mpaka leo ndicho ninachotumia. Umekishika mara ngapi, na hukuwahi kuniuliza kwa nini kimechorwa herufi K.

Jioni mamako alikuwa akikoroga nazi na sukari. Nikamweleza. Akauliza, "Karatasi ilikuwa yetu?" Nikasema yetu. "Ukawaambia?" Nikaenda mtungini kunywa maji, ingawa sikuwa na kiu. "Nimekuuliza, Athmani." Nikasema, sikuwaambia. Akaipua sufuria. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza, ningepata cha kujibu. Kashata hakuuza tena, na watu walipomuuliza alisema nazi zimepanda bei.

Nilikuwa na sababu, wala hazikuwa mbaya. Nilikuwa na mke na mtoto, Kazungu alikuwa hajaoa. Jina letu mjini ni la zamani, lingechafuka. Mzee Saleh alikuwa na presha. Nitasema wiki ijayo, hasira zikipoa. Nitasema baada ya Ramadhani. Kisha Mzee Saleh akafariki, nikawa mimi ndiye mkubwa wa duka, na wa kuambiwa hakuwepo tena. Nikajiambia limekwisha. Nilipokuwa nikisafisha droo ya marehemu nikaikuta ile karatasi chini ya risiti, bado na doa lake. Kuichoma ilikuwa dakika moja, na debe lipo palepale. Sikuichoma. Ndilo jambo la pekee katika habari hii yote ambalo silionei haya.

Sasa mnapita Matsangoni, nadhani. Nyosha miguu.

Nilimwona mara moja tu tangu siku ile. Nilipeleka fomu tulizochapa kule Gongoni kwenye mashamba ya chumvi. Jua lile, weupe ule, ukifumbua macho unajuta. Mtu mmoja katika waliokuwa wakipakia alisimama akaegemea koleo lake. Miguu ilikuwa imepasuka kwa chumvi mpaka magotini. Vidole vilevile vilivyokuwa vikiokota herufi kama kuku anavyodonoa mtama, vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Athmani!" akaniita, anacheka. "Siku hizi a zatosha?"

Vibarua wenzake wakacheka, hawajui wanachochekea. Nami nikacheka. Nikasema, "Zatubana vilevile, ndugu yangu." Nikaingia kwenye gari, nikamwambia dereva nimechelewa. Sikuwa nimechelewa popote. Njia nzima niliwaza kwamba lile lilikuwa swali la kawaida tu, la mchapaji kwa mchapaji. Nikajiaminisha kwamba siku ile kwenye jiwe hakuelewa alichokiona. Mtu akitaka sana kuamini kitu hufanya kazi kubwa, mwanangu, na mimi ambaye mamako huniita mvivu sikuchoka.

Baadaye nikasikia ametoka Gongoni, yuko Mombasa, anasafisha katika kiwanda fulani cha uchapaji. Kisha nikasikia anapanga herufi. Kisha habari zikakatika.

Hadi ulipoingia mlangoni mwezi uliopita, umetoka kwenye usaili wa pili, umeruka ngazi mbili mbili kama huna miaka kumi na minane. "Baba! Mkubwa wa chumba cha kompyuta anaitwa Bwana Kazungu! Anasema aliwahi kufanya kazi Malindi. Wamjua?"

Ulisimama pale, jasho puani, unangoja. Nami nikasema, "Jina nalikumbuka."

Mamako akainua kichwa kutoka kwenye cherehani yake, akakiinamisha tena.

Na barua ya kukuita kazini ilipofika, ukatusomea kwa sauti, kwamba uanze Jumatatu, kwamba kwa kuwa huna mwenyeji Mombasa Bwana Kazungu mwenyewe atakuwa stendi kukupokea Jumapili basi likifika, akufikishe kwa mama mmoja wa kanisani kwake anayepangisha chumba. Ikachapwa kwa ile mashine, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Ukanipa niione. "Baba, hapa chini ya sahihi pana alama ya penseli, kama mtoto amechora. Nifute?"

Nikaitazama. Ilikuwa a moja. Imetazama upande wa risasi.

Nikakwambia, "Iache." Ukanishangaa, kisha ukasahau.

Mimi sijasahau hata dakika moja. Wiki tatu hizi nimekuwa nikila na kukuchekea na kukutania juu ya kadi ya harusi ya binamu yako uliyoipamba kwa sura tano za herufi mpaka bwana harusi hakuonekana, na ndani yangu ile a imekaa. Kumbe alijua. Alijua pale kwenye jiwe, alijua kule kwenye chumvi. Ninachoshindwa kujua ni maana yake sasa. Yawezekana ananiambia: usiogope, mtoto namjua tangu a zake za kwanza, nitamtunza. Yawezekana pia ananiambia: amekuja mikononi mwangu. Nimeigeuza kila upande. Mkono wa mtu aliyebanwa koo kwa ajili yetu miaka kumi na mmoja siwezi kuusomea mwandiko.

Hapo ndipo woga wangu wa zamani ulipoamka na kunitengenezea kitanda. Mwache mtoto aende, ukaniambia. Hajui kitu, uso wake safi, Kazungu hatakuwa na la kumfanya. Akizoea kazi, mwaka ujao, utakwenda umwone kimyakimya. Nikalisikia lile "mwaka ujao" nikaitambua sauti yake. Ni ndugu wa "baada ya Ramadhani". Nikaona nakutuma wewe usimame mbele yake ukiwa umebeba uso wangu, usijue unachobeba. Ingekuwa mara ya pili namweka mtu wangu mbele ya jiwe na kutazama vidole.

Kwa hiyo Alhamisi nilinunua tiketi.

Sikukuomba ruhusa, na hilo unaweza kunikasirikia. Nilijua nikikuomba utanionea huruma, utasema, "Baba, yamepita hayo, acha." Nami ningeacha haraka kuliko unavyodhani. Yawezekana nikimwambia mbele yako atakwambia urudi nyumbani. Yawezekana atakupa kazi na asikupe tabasamu. Kiti kile umekihangaikia tangu kidato cha tatu, ukijifunza taipu kwenye ile mashine mbovu ya shangazi yako isiyo na kitufe cha nambari nane. Nikikukosesha, sitakuwa na cha kukulipa. Nimelifikiria hili kuliko yote, na mkono umesimama hapa muda mrefu. Utaona wino umevuja kidogo.

Lakini atakuwepo stendi, Zuhura. Anangoja mtu ashuke, na nadhani si wewe tu.

Nikuachie neno moja la kazi, maana nisipofanya hivyo utasema baba yangu alinisindikiza kwa habari zake tu. Mashine yako haitaishiwa na a. Hutaazima, hutafumua, hutabakiwa na prufu ya madoa mkononi. Ukikosea utabonyeza, kosa litafutika, na hata wewe mwenyewe baada ya saa moja hutajua lilikuwa wapi. Sisi risasi ilitushika. A saba nene zilinishika mimi, na zingeweza kumwokoa mtu kama pangekuwa na mdomo mmoja wa kuzisoma kwa sauti. Wewe huko hakuna kitakachokushika. Siku ukikosa, na lawama ikamwendea mwenzako wa kiti cha pili, ni wewe peke yako utakayejua, na utakuwa na sababu nzuri sana, kila moja imenyooka kama imepigwa rula. Sikwambii ufanye nini. Nimekwambia tu nilivyofanya mimi, na alivyokaa nacho mamako, na miguu niliyoiona Gongoni.

Basi sasa linateremka kuelekea maji. Kondakta ataanza kupiga ubavu wa gari, "Shukeni, shukeni nyote, gari lapanda tupu!" Watu watalalamika kama kawaida, kana kwamba kondakta ndiye aliyeweka maji pale. Nitashukia mlango wa nyuma. Nimevaa shati lile jeupe ulilonipigia pasi, ukadhani ni la kukuaga.

Ile karatasi ninayo mfukoni mwa shati. Nitamkabidhi Kazungu, uso juu kwanza, na nitazihesabu a nene mbele yake kwa sauti, moja mpaka saba, na mbele ya yeyote atakayekuwa amesimama karibu. Baada ya hapo atafanya apendavyo. Nimekibeba na kile chuma chake.

Kwenye feri nitasimama upande wa kushoto, penye kivuli cha gari. Ukiwa na hasira, simama kulia, tazama maji, sitakusogelea. Nitapanda tena basi na nitashuka Mombasa vilevile. Ukija upande wangu usiseme kitu. Nyosha mkono tu, nikupe karatasi uione nyuma yake. Ni safu kumi na nne. Ya mwisho umeibana pembeni kwa sababu nafasi ilikwisha na wewe hukutaka kuacha.

Babako,
Athmani